Niliikata Habari ya Nguruwe

Nilikata maneno ya shangazi yangu, na maneno yale niliyoyakata ndiyo yaliyokuwa yakilinda uhai wa watu. Naanza na hilo kwa makusudi. Nikianza na lingine lolote, msomaji wangu, nitakuwa nimeanza kujitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Jina langu sitalitaja. Si kwa ajili ya kulinda heshima, maana heshima niliyokuwa nayo naijua thamani yake sasa. Ni kwa sababu ninaogopa. Simu ikiita kwa namba nisiyoijua, naiacha iite mpaka ikome. Mtu akiingia dukani ameshika mtoto aliyelala begani, naangalia kwanza kama mtoto anapumua. Mimi, mwanamume wa miaka arobaini na saba, mwenye shahada ya chuo kikuu, ninaogopa ugali!

Nilifanya kazi ya ofisi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kazi ilipokwisha, nilirudi Kibaha na kufungua duka dogo Kwa Mathias, upande wa pili wa barabara, mkabala na mabasi yanaposimama. Nauza unga wa muhogo. Muhogo wenyewe unatoka Marui, huko Kisarawe, kwa Shangazi Sikudhani, dada yake marehemu baba. Yeye na wanawake wenzake wanalima, wanamenya, wanaanika na kutwanga. Mimi nafungasha, nabandika chapa, nauza.

Unga ulikuwa mzuri, lakini wanunuzi hawakuwepo. Abiria akishuka Kwa Mathias anataka maji, anataka korosho, anataka choo. Hataki unga wa muhogo. Ndipo mdogo wangu Tatu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na kila Jumamosi huja kunisaidia kufungasha, akaniambia kwamba biashara isiyosemwa mtandaoni ni sawa na biashara isiyokuwepo.

"Tufungue blogu," alisema. "Kila wiki unaandika jambo moja. Namna ya kupika, namna ya kuhifadhi, muhogo upi ni wa kazi gani. Mtu akisahau, anarudi kusoma."

"Nani anasoma siku hizi, Tatu?"

"Makubwa! Aliyesomeshwa mpaka chuo kikuu ndiye anauliza nani anasoma!"

"Nazungumzia wateja. Mama yuko jikoni, mikono imejaa unga, ataishika simu saa ngapi? Lakini masikio yake yako huru. Sisi tufanye podikasti. Tumpe sauti."

"Kaka, sema ukweli wako. Wewe unataka kusikika."

Nilicheka, kwa sababu alikuwa amenipata penyewe. Tangu chuoni nilikuwa naambiwa nina sauti ya redio. Nilipewa kusoma matangazo, nilipewa kuwa mshereheshaji kwenye harusi za watu. Ofisini hakuna aliyewahi kuihitaji sauti hiyo, na nilipoingia umri wa makamo, ikaniingia akilini kwamba kuna kitu nilizaliwa nacho na sijakitumia. Hiyo ndiyo sababu halisi. Zile za mama wa jikoni zilikuja baadaye, kuipamba.

Tatu hakuacha. "Sikiliza," alisema. "Maandishi ukikosea, unasahihisha palepale, na kila atakayefungua anakuta yaliyosahihishwa. Sauti ikishatoka imetoka. Mtu anaipakua, anamrushia wifi yake, wifi anaitupa kwenye grupu la kikoba. Utaifuata wapi?"

"Hicho ndicho ninachokitaka!" nikamjibu. "Isambae!"

Mola anisamehe. Nilisema hivyo kwa furaha, huku nikipiga kofi juu ya mfuko wa unga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Marui kumrekodi Shangazi. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo? Mkeo hakulishi?"

"Ananilisha, Shangazi."

"Basi ni mawazo. Mawazo yanakula kuliko minyoo. Haya, hicho kisimu chako tukiweke wapi?"

Nilikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Akazungumza karibu saa nzima bila kuchoka. Msomaji wangu, wazee wetu wa Kisarawe hawatoi maelekezo kwa mstari ulionyooka. Wanakuzungusha. Atakutaja wewe, amtaje babu yako, aulize ng'ombe wa jirani, arudi kwenye muhogo, atoke tena. Na katika kuzunguka huko ndimo wanamoficha kile ambacho hawataki ukisahau. Hilo nalijua leo. Siku ile nilikuwa nimekaa tu nahesabu dakika.

Alieleza muhogo mtamu, ule anaoniletea mimi, akiuita muhogo tu: menya, kata vipande, anika kwenye jua kali, ukikauka twanga, chekecha. Jua likiwa zuri haichukui siku nyingi. Kisha akapumua, akacheka kidogo, akaingia kwenye habari ya nguruwe.

"Sasa pale mpakani, baba, hatupandi huu. Pale tunapanda mchungu, kwa ajili ya wale nguruwe pori. Nguruwe akitoka huko kichakani anaanza na mpakani. Anatafuna, anausikia ule uchungu, anatema, anarudi kwao na hasira zake. Astaghfirullah, mnyama yule ana akili! Anajua cha kuacha. Mtu mwenye njaa hajui. Ule mchungu nao tunakula, usifikiri hatuli, lakini una masharti. Usipolowekwa siku zake kwenye maji, ukatoka ile sumu, unaua. Unaua mchana kweupe. Mwaka ule wa njaa, kwa jirani yetu hapo, walizikwa wawili kwa siku moja. Ndiyo maana mimi nasema, shamba usilolipanda wewe usichimbe muhogo wake. Kwanza muulize aliyepanda."

Hayo ndiyo maneno yake. Leo nayajua kwa moyo, neno kwa neno, kwa sababu nimeyasikiliza mara nyingi mno.

Nilirudi Kibaha, nikaketi na kompyuta yangu nyuma ya duka. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba msikilizaji huchoka haraka, na mimi nilikuwa na karibu saa nzima ya mzee anayezunguka. Nikaanza kukata. Nikakata salamu, nikakata habari ya mke wangu na mawazo, nikakata jogoo aliyewika. Nikafika kwenye nguruwe.

Hapa naomba unielewe jinsi nilivyofikiri, si ili unionee huruma, bali ili ujue kosa lilivyovaa nguo nzuri. Sisi ni Waislamu, na wateja niliowalenga wengi wao ni Waislamu. Unga wa muhogo kwetu ni chakula cha heshima, watu wanaupika mpaka kwenye futari. Na hapa Shangazi anamtaja nguruwe tena na tena, anaeleza anavyotafuna na anavyotema! Nani atanunua unga huo akiwa na picha ya nguruwe kichwani? Nilijiambia kwamba ni suala la adabu. Nikaweka alama pale nguruwe alipotajwa mara ya kwanza, nikaweka alama nyingine pale habari hiyo nzima ilipoishia, na vyote vilivyokuwa katikati nikavifuta kwa mguso mmoja.

Kilichokuwa katikati sikukisikiliza tena. Na hata kama ningekisikiliza, nasema ukweli, nadhani ningekiacha kiende. Mimi nimekulia kwenye muhogo. Tangu nikiwa mdogo najua kuna mtamu na kuna mchungu, kama ninavyojua kuna mchana na usiku. Haikunijia kwamba yupo mtu mzima asiyejua.

"Umetoa nini?" Tatu aliniuliza nilipomwambia nimemaliza.

"Porojo za nguruwe."

"Zote?"

"Zote. Unataka tuuze unga au tuuze nguruwe?"

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Podikasti ikatoka.

Na ikapendwa! Sitakuficha. Watu walishuka kwenye mabasi wakaulizia unga wa "yule bibi". Wanawake walinipigia kunishukuru. Wakarushiana, magrupu kwa magrupu, mpaka ikanirudia mimi mwenyewe kutoka kwa mtu asiyejua kwamba ni yangu. Nilimwonyesha Tatu simu na kumwambia, "Unaona? Blogu yako ingekuwa imesomwa na wewe na wanafunzi wako wa darasa la nne."

Kisha ikaja Jumamosi moja asubuhi. Tulikuwa tunafungasha. Simu ikaita, namba ngeni, na siku hizo namba ngeni ilikuwa ni mteja, kwa hiyo nikapokea kwa ile sauti yangu ya redio.

"Kaka, wewe ndiye wa podikasti ya muhogo?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana."

"Mimi naitwa Mama Latifa. Tumehamia Mzenga kutoka Dar, tulinunua kiwanja huko. Kaka, nilifanya kama bibi alivyosema. Nilimenya, nikaanika, jua lilikuwa kali tu, nikatwanga. Jana tumekula. Mimi nilikula kidogo, kichwa kinazunguka. Mtoto ndiye alikula sana, aliupenda. Ametapika usiku kucha. Hana nguvu za kusimama, anapumua kama amekimbia. Tupo hospitali ya Kisarawe. Daktari anauliza alikula nini, nikaona nikuulize wewe. Labda kuna hatua nimeiruka?"

Niliweka mfuko wa unga chini. Nikauliza, na sauti ile haikuwa tena ya redio, "Mama, muhogo uliutoa wapi?"

"Tuliukuta kwenye hicho kiwanja. Aliyetuuzia aliuacha, uko mstari mmoja mzima pale mpakani."

Mpakani! Neno hilo lilinipiga kifuani kama mchi. Nilimwona Shangazi, nilimwona nguruwe, nilizikumbuka zile alama mbili nilizoweka. Nilimwambia, "Mwambie daktari ni muhogo mchungu haukulowekwa. Mwambie sasa hivi, usikate hata simu. Nenda!" Hilo nililifanya. Katika habari hii yote ndilo jambo moja ambalo sioni haya kulikumbuka.

Nilisikia akikimbia, nilisikia akimweleza mtu. Kisha akarudi kwenye simu, analia. "Kaka, nimekosea wapi?"

Nikamjibu, "Tuombe Mungu, mama."

Alikuwa ameniuliza swali ambalo duniani pote mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na jibu lake, nami nikamjibu kwa dua! Simu ilipokatika, nilifungua kompyuta na kuifuta podikasti. Sikupanga. Vidole vyangu vilikuwa vimeshamaliza kabla akili haijasema neno. Tatu aliniuliza kuna nini, nikamwambia ni mteja analalamika.

Nimetafakari sana kuhusu mguso ule wa pili. Wa kwanza, nilipokata, ulikuwa ujinga na majivuno. Wa pili ulikuwa uovu. Ningeweza kuiacha pale na kuweka onyo. Ningeweza kurekodi dakika moja tu: jamani, sikilizeni, niliacha jambo. Sikufanya hivyo, kwa sababu onyo lingekuwa ni kukiri, na mimi nilikuwa naiona tayari pingu, naliona duka limefungwa, nawaona watu wa Kwa Mathias wakininyooshea kidole. Nikafuta, nikakaa kimya, na huko nje sauti iliendelea kuruka kutoka simu hadi simu bila mimi.

Siku mbili sikula. Kila saa nilitaka kumpigia Mama Latifa na kila saa niliogopa atakachoniambia. Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali mtoto. Kwa kweli nilikwenda kujua kama mimi ni muuaji.

Latifa alikuwa hai. Miaka sita, amelala ubavu, macho makubwa, mkono umefungwa dripu. Alhamdulillah! Nilitaka kupiga magoti pale sakafuni. Nilipojitambulisha, mama yake alisimama kama anayempokea mgeni wa heshima, akaniletea kiti.

Kando ya kitanda alikuwepo mama mkwe wake, bibi yake Latifa, mwanamke wa Kisarawe mjini, na nyuma yake mumewe Mama Latifa, fundi ujenzi, mtu wa maneno machache. Nilielewa upesi kwamba nimeingia katikati ya kesi.

"Huyu ndiye yule kaka," Mama Latifa aliwaambia, na sauti yake ilikuwa na tumaini ambalo hadi leo linanitoa usingizini. "Ndiye mwenye ile podikasti. Muulizeni yeye."

"Podikasti ipi?" bibi akasema. "Siku tatu tunaitafuta kwenye simu yako hatuioni. Mtoto wa watu kalishwa sumu, tunaambiwa kasema redio ya simu. Redio yenyewe haipo! Haya, baba, wewe umesoma, unaonekana. Mlimfundisha mkwe wangu kumlisha mtoto muhogo mchungu?"

Kila mtu alinitazama. Hata mtoto alinitazama.

Nikasema, "Hapana, mama. Sisi tulieleza muhogo mtamu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Msomaji wangu, sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo katika maisha yangu, na ulikuwa wa kweli neno kwa neno!

"Umesikia?" bibi akamgeukia mkwewe. "Umesikia wewe? Ni ujeuri wako tu, mtu kutoka mjini anajifanya anajua kila kitu. Mjukuu wangu hatarudi mkononi mwako. Muuaji mkubwa!" Wauguzi wakageuka.

Mama Latifa hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia! Alikunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka, kisha akasema polepole, "Basi mimi ndiye sikusikiliza vizuri."

Nikaaga, nikatoka.

Latifa aliporuhusiwa, alipelekwa kwa bibi yake. Mama yake aliambiwa aende kwao akapumzike mpaka wakubwa watakapokaa. Haya niliyapata kwake mwenyewe. Aliniandikia ujumbe kuniomba, kama sitajali, nimtumie tena ile podikasti, asikilize pale alipokosea, ajifunze. Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama dukani, nikakaa chini. Mtoto alikuwa ametengwa na mama yake, na kitu kimoja tu kingeweza kuwarudishia wote wawili walichonyang'anywa: rekodi nzima ya Shangazi, ambayo ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, umbali wa hatua tatu kutoka nilipokaa.

Ungedhani niliinuka palepale. Sikuinuka. Ilipita wiki nzima! Niliogopa polisi, niliogopa mume, niliogopa bibi, niliogopa wateja. Zaidi ya wote nilimwogopa yule mtoto aliyenitazama.

Aliyenivunja ni Tatu. Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye kompyuta kutafuta picha za unga, akaiona rekodi, akaifungua. Mimi nilikuwa napima unga. Nikasikia sauti ya Shangazi nyuma yangu: "Mnyama yule ana akili! Anajua cha kuacha." Mikono yangu ikaachia kibaba.

Aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Kaka, yule mteja aliyelalamika, alilalamika nini?"

Nikamwambia yote. Nililia kama mtoto, mbele ya mdogo wangu.

"Unamwogopa nani?" akasema.

"Kila mtu."

"Basi mwogope Mungu kwanza. Halafu mwogope Shangazi, maana leo hii tunakwenda Marui."

Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Aliuliza jambo moja tu: "Kumbe kile kisimu kinaweza kukata mtu akiwa anasema?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi nilidhani kinachukua yote." Akainama, akaokota kisu chake cha kumenyea, akakifuta, akakirudisha chini. "Kwa hiyo mtoto wa watu alisikia sauti yangu, akamlisha mwanawe sumu. Sauti yangu mimi." Kisha akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga nyingine. "Inuka, baba. Unalia nini? Twende ukalie huko kwa wenyewe."

Tulikwenda Kisarawe mjini, kwa bibi yake Latifa. Tulimkuta yeye na mwanawe. Shangazi aliamkiana na bibi kwa kirefu, kama ilivyo desturi, wakaulizana koo na mashamba, na mimi nikahesabu kila salamu. Kisha Shangazi akasema, "Mwanangu huyu ana la kusema. Lakini kwanza msikie niliyoyasema mimi."

Niliicheza rekodi yote. Safari hii hakuna aliyechoka. Walisikiliza salamu, wakamsikiliza jogoo, na ilipofika kwenye nguruwe, bibi alishika kidevu. Ilipofika kwa wale wawili waliozikwa siku moja, alijifunika uso kwa upindo wa khanga.

"Sehemu hii niliikata mimi," nikasema. "Mkweo hakuisikia kwa sababu haikuwepo. Alifanya kila alichoambiwa."

Baba Latifa aliinuka. Nilijua atanipiga, na nilikaa nikisubiri, na moyoni nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisimama juu yangu, akasema, "Ulikuja hospitali. Ukapewa kiti. Ukaulizwa." Akatoka nje, na kupitia dirishani nikamsikia anampigia mkewe simu, akisema, "Jiandae, naja kukuchukua."

Bibi alikuwa bado amejifunika. "Nilimwita muuaji mbele ya watu," alisema ndani ya khanga. "Na mimi nitamtazamaje?"

Latifa yuko kwa mama yake sasa, Mzenga. Hilo namshukuru Mungu kwalo kila nikisujudu. Mama Latifa nilimpigia kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Nilikuuliza, kaka. Nilikuuliza nimekosea wapi." Akakata simu. Hajapokea tena, na ana haki.

Niliitoa rekodi nzima, pamoja na onyo langu na ungamo langu. Waliosikiliza ni wachache. Onyo halina utamu wa kurushiana. Tatu amefungua blogu, anaandika yeye, na juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa lile ambalo nililikata. Sisemi kwamba kuandika kungeniokoa. Mtu mwenye majivuno anaweza kumkata nguruwe hata kwenye karatasi. Lakini maandishi ya Tatu yakiwa na kosa, analirekebisha na limekwisha. Mimi langu lina miguu.

Wiki iliyopita nilikuwa Mlandizi, sokoni. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka simu kwenye meza yake ya nyanya, na kutoka humo nikajisikia mimi, mchangamfu, mwenye uhakika, nikimkaribisha Shangazi. Nikamsogelea.

"Dada, naomba usifuate hayo maelezo. Yamekatwa. Kuna muhogo unaua."

"We nawe! Hii tumetumiwa kwenye grupu, wote tunaisikiliza. Huyu kaka ni msomi, anaeleza vizuri."

"Huyo kaka ni mimi."

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Akaiongeza sauti simu, akanisikiliza mimi wa ndani, kisha akanitazama tena mimi wa nje, nikiwa natetemeka kwenye jua kali.

"Wewe?" akacheka, akamgonga jirani yake begani. "Shoga, huyu eti ndiye yule wa podikasti! Kaka, mwenzio ana sauti ya redio. Wewe hata kuongea kunakushinda."

Nilimsihi. Nilimwambia habari ya nguruwe, ya mpakani, ya kuloweka. Alisema amesikia, lakini alisema kwa namna ya mtu anayetaka uondoke, na nyuma yake simu iliendelea kufundisha.

Kwa hiyo nimekuja hapa, kwenye maandishi, kukuomba wewe usiyenijua. Ikiwa una biashara ndogo na unapiga hesabu ya namna ya kuitangaza, chagua utakacho, lakini kabla hujapunguza maneno ya mtu aliyekufundisha, mrudie umuulize lipi lisikatwe. Ikiwa umehamia shamba ambalo hukulipanda, usile muhogo uliomo mpaka umwone aliyeupanda, na ukimkosa, uache. Na ikiwa kwenye grupu lako ipo sauti ya mwanamume mchangamfu, akiwa na bibi mmoja, inayoeleza unga wa muhogo ndani ya dakika chache na haimtaji nguruwe, basi ni mimi. Usiniamini. Nizime, kisha mtafute aliyekutumia, na aliyemtumia yeye, kabla hawajapika.